Kahawa Niliyoiwahi Kusini ya Khaluf

Kila ikifika Disemba simu yangu huanza kulia, na wapigaji ni nyinyi vijana mliopata leseni za kuongoza wageni. Mnaniuliza gari gani, tairi gani, njia gani ya kwenda kusini kwa pwani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza juu ya mdomo. Na mimi, katika miaka thalathini na moja ya kuendesha gari la safari kutoka Maskati, gari nimelizamisha mara nne tu, lakini mambo niliyoyaharibu kwa mdomo siwezi kuyahesabu. Basi leo nitayajibu ya tairi kwa sababu najua hamtatulia bila ya hayo, kisha mtanisikiliza katika hilo jingine.

Tairi nilifundishwa na Fundi Mbaruku, Mzanzibari mwenzetu aliyekuwa na gereji Wadi Kabir. Mtu mfupi, mkali, hashiki gari lako kabla hajakwambia kosa lako. Nilimpelekea gari langu la kwanza baada ya kulilazimisha mchangani mpaka likavunjika ekseli. Akaniuliza nilipunguza upepo kiasi gani. Nikamwambia sikupunguza, tairi zilikuwa mpya. Alicheka mpaka akakaa juu ya debe la oili. Gari lilipopona alinichukua ufukweni Azaiba, akatoa nusu nzima ya upepo kwenye kila tairi, akaniambia niendeshe. Gari lililokuwa likifukua mchanga kama kuku likateleza juu yake bila ya kulalamika.

Nusu, wanangu. Na kabla hujaupunguza upepo, hakikisha pampu ya kuurudisha unayo garini. Mwaka mmoja niliisahau juu ya ukuta wa nyumba yangu, nikaenda kilomita sitini za lami kwa mwendo wa punda, huku wageni wawili wa Kijerumani wakinipiga picha kutoka kiti cha nyuma. Mpaka leo nahisi zile picha zipo mahali watu wanazicheka.

Jingine la Mbaruku ni sabkha, ile ardhi ya chumvi mtakayoikuta kule karibu na Barr al Hikman, juu nyeupe na kavu, chini uji mtupu. Alisema shuka, tembea hatua ishirini, kisigino kikizama, zunguka. Mimi nilizama humo na walimu watano wa kike, wakati ule ule nilipokuwa nikiwaeleza kwamba njia hii naijua. Tulikaa hapo mpaka alasiri, tukatolewa na bwana mmoja na gari lake bovu kuliko langu. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Simu zenu ni nzuri, sizitukani. Zamani tulikuwa tukisimama kila penye hema kuuliza, na kila hema ni kahawa, na kila kahawa ni nusu saa. Lakini simu haijui maji. Kusini ya Khaluf itakuchorea njia iliyonyooka ufukweni, baina ya vilima vya mchanga mweupe na bahari, na njia hiyo ipo kweli, ila maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa haipo. Mimi saa za maji nilikuwa nikiziandika kwa kalamu katika kiganja, maana karatasi hupeperuka na simu huisha chaji. Njia hiyo hiyo ndiyo niliyompitisha Bi Zuwena alipokwenda kumposea mwanawe, na hapo ndipo linapoingia la mdomo.

Bi Zuwena ni jirani yangu Azaiba. Mjane, mwalimu mkuu mstaafu, mzaliwa wa Unguja, na sauti ya darasani hajaiacha. Mwanawe Nasir ni mhandisi kule Duqm. Huko alijuana na binti mmoja, Maryam, anayefanya kazi maabara hospitalini, naye asili yake ni kijiji kidogo cha pwani kusini ya Khaluf. Baba yake Maryam amefariki, kwa hivyo walii wake ni babu yake, Mzee Musallam, na mzee huyo alituma salamu kwamba posa haijibiwi kwa simu. Anayemtaka mjukuu wake aje nyumbani kwake.

Tabu ilikuwa kwa Bi Zuwena. Miaka mitatu Nasir alimwomba mama yake waende, na miaka mitatu mama alikuwa na jambo. Mara mafua, mara harusi ya mtu, mara njia mbaya. Mwishowe Nasir akamwambia kwa adabu kwamba hamlazimishi, ila kama si Maryam basi haoi, na Maryam bila ya radhi ya mama hamchukui. Bi Zuwena akaja mlangoni kwangu jioni ile ile akaniuliza kama gari langu lina kiti ambacho hakiumizi mgongo.

Mshenga alikuwa awe kaka yake. Siku ya safari, baada ya sala ya alfajiri, tukakuta kaka mtu kaamka na jongo, mguu umevimba, kiatu hakiingii. Bi Zuwena alinitazama juu ya boneti ya gari.

"Seif, utasema wewe."

Nikamwambia mimi dereva tu.

"Kwani dereva hana ulimi?" akasema, akapanda.

Nasir, aliyekuja juzi yake kutoka Duqm, akakaa nyuma, tukashika njia ya pwani. Asubuhi za baridi za huku mnazijua, jua lipo lakini halina nguvu. Baada ya Qurayyat milima inakuja mpaka ukingoni mwa bahari, na barabara inapita kwa kubana tumbo. Bi Zuwena alijifunga shali mbili, akashika chupa ya chai ya maziwa kwa mkono mmoja na mandazi kwa mkono wa pili, akawa ananiambia pa kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa nikisoma kimoyomoyo maneno yangu ya posa, ya Kiarabu safi, yenye aya na hadithi ndani yake. Kiarabu changu cha nyumbani, kama chenu, kimechanganyika, na sikutaka kuwatia aibu.

Bakuli la haluwa nililipakia nyuma, ubavuni mwa galani la petroli. Andikeni hilo. Kufika Sur, Nasir akasema anasikia harufu ya kituo cha mafuta. Tulilisafisha lile bakuli pande zote kando ya njia, na kuanzia hapo likakaa mapajani mwa Bi Zuwena, siku mbili, hakukubali litue. Ashkharah tulilala. Huko mkisimama, elekezeni pua ya gari kwenye upepo kabla hamjafungua mlango, la sivyo mlango utautafuta nyuma. Upepo wa siku ile ulimnyang'anya Nasir kilemba, akakimbizana nacho ufukweni na mama yake akicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke.

Siku ya pili ndipo akasema linalomzuia. Tulikuwa tumeshaiacha Ashkharah, kushoto bahari, kulia hakuna kitu. Alisema yeye kakulia mtaa wa Malindi, Unguja, na udogoni mwake kila msimu walikuja watu wa pwani ya huku kuuza papa mkavu. Wakishaonekana mtaani, mama yake huwaita watoto wote ndani na kutia komeo. Aliwaambia wale watu huiba watoto, huwaficha ndani ya majoho wakaenda nao.

"Nnakwambia Seif, mpaka leo nikisikia harufu ya papa mkavu hutazama wanangu wako wapi. Na leo nnampeleka mmoja kwa miguu yangu."

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona Nasir katika kioo. Alikuwa ameinamisha uso kwenye dirisha. Alisema taratibu kwamba akikataa hatamkasirikia, na Bi Zuwena akajibu kwamba bado hajakataa, anakwenda kutazama. Basi nilijua ninachokibeba. Posa ilikuwa mbele ya wazee wawili, na yeyote kati yao angeweza kuivunja.

Khaluf nikatoa upepo nusu, nikatazama kiganja, tukaingia ufukweni. Maji yalikuwa mbali, mchanga umekazana, flamingo wamesimama kwenye vidimbwi. Ni njia nzuri kuliko zote nilizowahi kuendesha na Bi Zuwena hakuiona, maana alifumba macho akasoma Ayatul Kursiy mwanzo mpaka mwisho wa njia. Tulifika saa moja kabla ya adhuhuri. Kiganja changu kilisema maji yatajaa alasiri, kwa hivyo nilikuwa na saa mbili na ushei za kumaliza posa na kurudi nyuma. Niliwaambia wenzangu wazi tangu uani, kwa Kiswahili, na nikatia na maneno mawili juu ya mbuzi mmoja konda aliyefungwa pale, kwamba wakimchinja huyo kwa ajili yetu tutakula pembe.

Hapa lazima niseme juu ya mchezo wetu, nanyi mnaujua. Tukiwa dukani, tukiwa ofisini, tukitaka kusema jambo watu wasilijue, tunahamia Kiswahili, kama mtu anayeshusha pazia. Baba zetu wakifanya, sisi tunafanya, na nyinyi nimekusikieni mkiwafanyia wageni wa Kiarabu sokoni Matrah. Hatuulizi kama pazia lina matundu.

Mzee Musallam alitupokea mwenyewe. Mwembamba, mrefu, amepita themanini, mikono ya mtu aliyevuta kamba umri wake wote. Watu wa kule hawana mambo mengi, Bi Zuwena alikaribishwa majlis, sebule ya wageni, pamoja nasi, akakaa karibu na mlango wa ndani uliokuwa na pazia, na nyuma ya pazia hilo walikuwa wanawake wa nyumba, na Maryam. Tukaulizana hali kwa Kiarabu, hali ya watoto, hali ya njia, hali ya mvua. Ikaja tende, ikaja kahawa, dele mkononi mwa mzee mwenyewe. Nilikuwa na kiu na khofu kwa pamoja. Nikanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikakitikisa kuonesha nimetosheka, nikamrudishia.

Nasir alinigeukia na uso wa mtu aliyeona gari likiteremka peke yake. Akaninong'oneza kwa Kiswahili kwamba kule mwenye haja hanywi. Kikombe hukiweka chini mbele yake, mwenyeji humwuliza kulikoni, naye husema haja yake. Akikubaliwa huambiwa akunywe. Mimi niliyekunywa vitatu na kutikisa nimeshamwambia mzee kwamba sina haja yoyote, nimepita kusalimia.

Ile hotuba yangu yote ya Kiarabu safi ikanitoka kichwani, sikumbuki hata bismillahi yake. Bi Zuwena alikuwa amesikia. Akasema kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya darasani anayodhani ni ya chini, kwamba labda Mungu ametuepusha. Watu wenyewe ndio wale wale aliokuwa akifichwa wasimwibe.

Nami, kwa kutaka kumfurahisha, na kwa sababu nikiingiwa na khofu mdomo wangu huenda peke yake, nikamjibu asiwe na wasiwasi, kwa umri huu hawamwibi tena, atawatia gharama.

Mzee Musallam alikuwa akimimina. Dele likasita. Akaliweka chini, akafuta mkono, akasema kwa Kiswahili, cha Unguja, cha zamani, akilitafuta kila neno:

"Na miye pia nlikuwa mtoto."

Wanangu, nimezama sabkha na walimu watano garini, lakini siku ile ndiyo niliyotamani ardhi ilainike. Nasir akainama. Bi Zuwena akashika bakuli la haluwa kwa mikono yote miwili.

Mzee alisimulia bila ya hasira, na hilo ndilo lililotumaliza. Alikuwa na miaka kumi baba yake alipoanza kumchukua Unguja. Misimu mitatu walikaa chumba kimoja Malindi mpaka papa aishe kuuzwa. Baba anashinda sokoni, yeye anabaki mtaani. Watoto wa mtaa walikuwa wakicheza gololi. Akamwomba baba yake, akanunuliwa saba, moja ya kijani. Akatoka nazo asubuhi, amezikamata ndani ya kanzu.

"Nikipita, nasikia komeo. Hapa komeo, pale komeo, mtaa mzima. Nikazicheza peke yangu. Kiswahili nimejifunza nje ya madirisha yenu, nikiwasikiliza mnavyocheza ndani."

Nilianza kuomba radhi kwa mzaha wangu. Akaniinulia mkono, akasema mzaha ulikuwa mzuri, na kwamba tangu uani alikuwa na kazi ya kujizuia asicheke, na yule mbuzi ni wa maziwa, hakukusudia kumchinja. Nasir alitoa sauti ambayo sijui ilikuwa kicheko au nini. Bi Zuwena hakucheka. Alivua miwani.

"Ilikuwa upande gani wa Malindi?"

Mzee akamwambia, nyuma ya soko, uchochoro wenye kisima cha pampu.

"Hapo ndipo kwetu," akasema Bi Zuwena. "Komeo moja lilikuwa letu. Nlikuwa nikikaa nyuma yake nikitetemeka, nikikungojea upite." Akaendelea, na ile sauti ya darasani ilikuwa imemwacha. "Mama alitupenda, na alikosea. Na miye nimelibeba kosa lake utu uzima wangu wote, nimemzuia mwanangu nalo miaka mitatu, tena nimekuja kulisema ndani ya nyumba yako. Nisamehe, kaka yangu."

Sikuwahi kumsikia Bi Zuwena akimwomba mtu msamaha, na nimeishi jirani yake tangu nina nywele. Mzee alisogea kwa magoti, na kile kikombe nilichokitikisa mimi akakisuuza, akamimina kahawa mpya, akamkabidhi yeye.

Bi Zuwena akakipokea, akakiweka chini mbele yake juu ya mkeka.

Kiganja changu kilikuwa kikisema maji yameshaanza kurudi na njia yetu inakwenda nayo. Nikaukunja mkono.

"Kulikoni?" akauliza mzee, kwa Kiswahili.

"Tumekuja kuomba mtoto," akasema Bi Zuwena.

"Mtoto wangu?"

"Wako."

Mzee akatikisa kichwa pole pole, na macho yake yalikuwa yakicheka sasa, lakini si kicheko peke yake, mlikuwa na kitu kingine humo. "Mama yako alisema sisi ndio tunaochukua watoto wa watu."

"Alisema. Na leo sisi ndio tuliokuja kuchukua wako," akasema Bi Zuwena, "na mlango wako tumeukuta wazi."

Mzee akatazama pazia la mlango wa ndani. Akatwambia yeye ameshamwuliza mjukuu wake jana, na kwamba jibu lake alilitoa kabla babu hajamaliza kuuliza. Nyuma ya pazia mtu akacheka na mwenziwe akamnyamazisha. Mimi, mshenga, niliyetoka Azaiba na hotuba ya dakika saba, sikuwa nimesema hata neno moja la posa.

"Kunywa kahawa yako, dada," akasema Mzee Musallam.

Bi Zuwena alikishika kikombe akakimaliza chote kwa mkupuo mmoja. Machozi yakamtoka. Akasema kahawa ni ya moto, na hakuna hata mmoja wetu aliyembishia.